Siku Uliyoshika Jeki

Mama yangu mpendwa,

Jumamosi iliyopita mume wangu alikuwa anabadilisha shokapu za gari letu hapa nyumbani, Utemini. Zilikuwa zimekwisha kabisa; ukipita hata kwenye shimo dogo unasikia chuma kinagonga chuma. Akalinyanyua gari kwa jeki, akatoa tairi, kisha akalala chali na kujisukuma chini yake ili azifikie pamoja na bushi za mpira zilizolika. Mimi nilitoka na chai nikaona miguu yake tu imechomoza. Kikombe kikaniponyoka.

"Toka," nikamwambia. "Toka huko sasa hivi."

Alitoka mbio, grisi usoni, akidhani nimeona nyoka. Tulitafuta magogo tukayapanga chini ya chesisi, ndipo nikamwacha arudi kazini. Alipomaliza nikamkalisha, nikamweleza habari za mkono wako. Miaka yote alijua kwamba uliteleza kisimani, maana ndivyo ulivyotufundisha tuwaambie watu wasio wa kijijini kwetu. Baada ya kumsimulia yeye nikagundua kwamba wewe sijawahi kukusimulia nilichokiona. Tuliishi na siku ile ndani ya nyumba moja mpaka nikaolewa, nawe ukafariki, na hakuna aliyeitaja.

Ilikuwa msimu wa kuvuna alizeti, kule Iguguno. Baba alikuwa na ile pikapu ya kubebea magunia, na njia za mashambani zilikuwa zimeitafuna miguu ya mbele. Hakuwa anapeleka gari gereji. Kwake kila fundi alikuwa mwizi, kwa hiyo kila kitu kilifanyika uani kwetu, na sisi tuliziogopa siku hizo kuliko njaa. Nati ikigoma kufunguka, kipigo kilikuwa chetu. Ulikuwa ukisikia spana imetupwa ukutani unatusukuma mimi na mdogo wangu Neema tuende kwa jirani.

Siku ile hukuwahi. Ulikuwa umefagia uwanja asubuhi kama kawaida yako, na yeye alikuwa ameweka nati zake chini, pembeni ya gunia. Moja haikuonekana. Alisimama mbele yako na shokapu ya zamani aliyoing'oa, inachuruzika mafuta.

"Nati yangu iko wapi?"

"Sijaiona, Baba Sifa."

Hakuuliza mara ya pili. Uliinua mkono kukinga kichwa, chuma kikaupata, na mimi nikiwa mlangoni na Neema mgongoni nikausikia mfupa ukivunjika, kama bua kavu la mtama likikanyagwa. Pigo lililofuata lilikupata mgongoni ukaangukia kwenye spana. Akakupiga teke la tumbo, halafu teke jingine. Kisha akaitupa ile shokapu, akafuta mikono kwa kitambaa, akarudi chini ya pikapu na kuanza kugonga bushi kwa nyundo.

"Nikitoka huku niikute," alisema.

Ulinyanyuka polepole. Damu na udongo vilikuwa vimekujaa mdomoni. Nilidhani utaingia ndani kujificha. Badala yake ulikwenda kwenye jeki, ukapiga magoti, ukauchomeka mpini kwa mkono wa kushoto kwenye ile skrubu ya kuachia mafuta, ambayo ukiizungusha jeki inashuka. Gari zima lilisimama juu ya jeki ile peke yake.

"Baba Sifa."

Nyundo iliendelea.

"Baba Sifa, nimeshika jeki."

Nyundo ikanyamaza.

"Unafanya nini, wewe mwanamke?"

"Ukijivuta hata kidogo, naifungua."

"Utaniua."

"Wewe ndiye uliyeanza."

Visigino vyake vikachimba udongo, anajaribu. Ukazungusha. Gari likashuka kama upana wa kidole, nikamsikia Baba akipiga kelele ambayo sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuitoa. Ukakaza tena.

"Sifa," ukaniambia bila kugeuka. "Mweke mtoto chini. Kamwite Mzee Mkumbo, waambie na wengine waje."

Nilikimbia. Mzee Mkumbo alikuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, na alikuja na watu waliotoka moja kwa moja shambani, wanaume kwa wanawake, wengine na majembe yao. Tulikukuta bado umepiga magoti, jasho likikudondoka kidevuni, mkono uliovunjika unaning'inia. Ukawaambia kwa Kinyiramba, lugha uliyoitumia ukiwa hutaki mzaha:

"Nimewaita mshuhudie. Mkono huu ameuvunja yeye leo. Mapengo haya ni meno aliyoyang'oa yeye. Mimba iliyomfuata Sifa ilitoka kwa mateke yake. Mlikuwa mnasikia, mkasema ni mambo ya ndani."

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Anadanganya," Baba akasema kutoka chini ya gari.

Ukaugusa mpini.

"Ni kweli," akasema. "Ni kweli. Ni kweli yote."

Ndipo ulipouacha mpini na kusogea kando. Wakamvuta kwa miguu. Alitoka na nyundo mkononi, akampiga nayo Mzee Mkumbo begani na kukurukia wewe. Hakukufikia. Wanaume walimwangukia, wakampiga kwa mipini ya majembe, kwa mateke, kwa mawe, mpaka damu ikamtoka sikioni na macho yakafumba. Nilikuwa nalia, lakini si kwa kumhurumia. Nilikuwa natamani wasiache.

Wewe ndiye uliyesema, "Inatosha. Mfungeni. Msiniulie mtu uani kwangu."

Wakamfunga kwa kamba za magunia mpaka polisi walipofika. Mahakama ikamfunga, wewe ukafungwa mbao mkononi, na mfupa ukaunga ukiwa umepinda. Kwa mkono huohuo ulilima alizeti na mahindi ukatusomesha. Hukuweza tena kujitwisha ndoo, Neema akawa anakutwisha. Watu wa kijiji walianza kukusalimia kwa sauti ya chini, na sijui kama ulilipenda hilo au lilikuumiza. Nilitaka kukuuliza. Tulipokuzika nilikuwa bado natafuta namna ya kuanza.

Sasa nikuambie la huku. Baba alipotoka gerezani alihamia Shelui, na leo ni mzee, mgonjwa, anakaa kwenye chumba cha mpwa wake karibu na yanapoegeshwa malori. Tangu tukuzike Shangazi ananipigia simu: baba ni baba, Sifa, mchukue ukae naye. Jumatatu, bado moto wa ile Jumamosi haujanitoka, nilipanda basi nikaenda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ni Sifa wewe?"

Jicho lake moja limeingia ukungu. Hakuniuliza ulikufaje. Hakumuulizia Neema. Lori likapita, likapita na jingine, kisha akasema, "Mama yako. Angefungua yote?"

"Sijui, Baba. Wewe ulionaje?"

"Angefungua," akasema.

"Basi hapo ulimjua."

Nilikuwa nimekunja ngumi mpaka kucha zikaingia kwenye nyama. Mwili wangu wote ulitaka kumpiga, Mama, mzee yule mkavu kama ukuni, na nilijua kwamba nikianza sitaacha. Nikaiweka mikono yangu chini ya mapaja nikaikalia. Nikamwambia kwamba dawa na chakula nitakuwa nampa Shangazi amletee, ila hatalala kwenye nyumba wanamolala watoto wangu.

"Nimezeeka, mwanangu," alisema, machozi yakaanza kumtoka.

"Nimeona."

Nikaaga, nikaondoka.

Shangazi alipopata habari alinipigia akiwa amefura. Alisema sina huruma, na kwamba mzazi hakatazwi mlango. Nilimwacha aseme yote. Mwishoni, alipokosa neno jingine la kunichoma, akasema, "Una roho ya mama yako."

Nikamwambia, "Ahsante, Shangazi," nikakata simu.

Lala, Mama. Hakuna mkono utakaokufikia huko.

Mimi, mwanao wa kwanza,
Sifa