Haragwe Jekundu Chunguni

Mjukuu wangu Moraa,

Huku Birongo tuko salama. Babu yako anakusalimu, na majani chai yamechipua vizuri.

Unauliza programu yako itachaguaje jina moja kwa haki, ikiwa kila jina linajua tu linalolifuata na hujui yapo mangapi. Inawezekana, tena kwa kuyapitia mara moja.

Nilipoolewa, wanawake tulipalilia mashamba yetu kwa zamu, kazi tuliyoiita egesangio. Kila mmoja alimwita jirani yake, hivyo hakuna aliyejua tutafika wangapi. Waliowahi walijichukulia zamu za kwanza. Mimi nilikaa mwisho wa kilima, nikawa wa mwisho kuitwa, na magugu yalinimalizia wimbi shambani.

Siku moja mama mkwe alileta chungu chenye haragwe moja jekundu. Aliyefika kwanza alishika jembe la zamu. Kila aliyefuata alitia haragwe jeupe, akakoroga, akachota moja bila kutazama, kisha akalirudisha. Akipata jekundu, alikabidhiwa jembe. Tungeanza na shamba la atakayebaki nalo mwishoni. Aliyewahi alichota kwenye haragwe chache, lakini kila aliyemfuata angeweza kumnyang'anya jembe, hivyo nafasi zetu zililingana. Fundisha kompyuta yako vivyo hivyo: kila jina lichote kwa zamu yake, na litakalobaki na jembe ndilo lichaguliwe.

Nilifika wa mwisho, nikachota jeupe. Siku hiyo nilipalilia shamba la mwenzangu nikiimba, maana safari hii sikupunjwa.

Nyanya yako,
Kemunto