Kamba Imepinda, na Haikuharibika

Alkhamisi. Jua limeamka na hasira. Hata mawe ya nyumba hii ya Mji Mkongwe, manene kama yalivyo, leo yanatoa jasho.

Nyinyi nanyi! Mlikuwa wapi? Mwezi mzima sioni mtu wa kupiga hodi kwenye ukurasa wangu huu, halafu leo mnaingia mmoja mmoja, "Bibi hujambo, Bibi hujambo." Sijambo nini? Ningekufa mngesikia kwa majirani. Haya, kaeni. Ila leo sina maneno ya sukari.

Jumanne nilimkatalia mwanangu mbele ya nyumba nzima, na sijuti.

Kwa wageni: mimi mtu wa Bwejuu, mjini niliolewa tu. Skuli sikupelekwa hata siku moja. Herufi nilizijua ukubwani, nikichungulia madaftari ya wanangu, na mpaka leo naandika kwa kidole kimoja. Nilichofunzwa na mama yangu ni kamba. Makumbi ya nazi unayafukia kwenye matope ya pwani miezi na miezi, unayafukua yananuka, unayapiga mpaka zibaki nyuzi, kisha unazisokota mbili mbili mpaka kiganja kinawaka moto. Mengi siyajui. Kamba naijua.

Nna mjukuu, Salha, mtoto wa marehemu mwanangu mkubwa. Anasoma chuo kikuu huko Bara, shahada ya pili. Zamani nikiulizwa anasoma nini nilikuwa najibu "wadudu" ili mtu aondoke. Wenyewe ni vijidudu visivyoonekana kwa jicho, makao yao chemchemi za maji ya moto, moto wa kuivisha yai. Ndani ya kila kijidudu mna DNA, nyuzi mbili zilizosokotana, ndizo zinazobeba nasaba ya kila chenye uhai. DNA ukiichemsha, nyuzi zake huachana. Lakini hivyo vijidudu maisha yao yote ni kuchemka, na nyuzi zao haziachani. Ziko protini ndogo ndogo zinazozishika. Salha anatafuta protini moja katika hizo inashika vipi.

Nliposikia hivyo mara ya kwanza nlimwambia: basi wewe ni msokota kamba mwenzangu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nikiri.

Miezi miwili nyuma alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa mchoro wa DNA ikiwa imeshikwa na ile protini yake, na chini kaandika, "Bibi, tazama, imetoka!" Nikatazama. Kamba imepinda katikati kama goti. Nikamjibu pale pale: hii imevunjika kiuno, tupa, anza upya.

Kwetu ndivyo. Mama yangu akiona kamba yangu imejipinda hivyo, haulizi, anachukua kisu anakata. Kamba ikipinda hapo, hapo ndipo itakapokatika siku ya kuvutwa. Sikufikiri zaidi ya hayo. Nilikuwa nachagua mchele.

Salha hakujibu.

Sikujua kwamba wiki ile ile vipimo vyake vilikuwa vinamgomea, na mwalimu wake keshamwambia arudie vyote. Akakaa na maneno yangu juu ya hayo. Wiki iliyopita tukamwona mlangoni na sanduku lake lote. Kachoka, anasema. Anaacha.

Mtu wa kwanza kufurahi alikuwa ami yake, Hamdu, mwanangu wa pili, ambaye ndiye anayemsimamia tangu baba yake afariki. Kumbe keshamtafutia kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Bwejuu, aanze Jumatatu hii. Kazi ya hoteli si aibu, ninao wajukuu wanaoifanya na wanaifanya vizuri. Lakini Salha hakuitaka. Aliikubali vile mgonjwa anavyokubali uji.

Jumanne baada ya Alasiri Hamdu akatukusanya ukumbini, eti tukate shauri. Shauri lenyewe keshalikata.

"Mimi nauliza tu," akasema. "Hapa Unguja tuna chemchemi gani inayochemka? Protini za maji ya moto zitamsaidia nani? Zitatia nazi kwenye wali?"

Watu wakacheka. Salha naye akacheka, na kicheko chake hicho ndicho kilichoniuma.

"Hamdu," nikamwambia, "mtoto hajamaliza. Mwache amalize."

"Mama, kwa heshima yako, wewe hujasoma. Mambo haya tuachie sisi."

Loo!

Huyu nilimlea kwa pesa ya kamba. Nikanyanyuka, nikaingia chumbani, nikatoka na bonge la kamba, nikalibwaga juu ya mkeka mbele yake. Nikasema, hujasoma wewe unayecheka usichokijua. Kaa nikufundishe. Nikaeleza vizuri, na mikono nikiitumia: hizi hapa nyuzi mbili. Moto unataka kuzitenganisha. Inakuja protini, inaizunguka kamba hivi, inaikaza msokoto, inapiga fundo, basi, moto hauwezi tena.

"Siyo, Bibi."

Nikaendelea. Nikapiga na fundo la pili.

"Siyo, Bibi! Haizunguki! Haina fundo!"

Salha kasimama. Tangu arudi sijamsikia na sauti ile. Akaninyang'anya kamba mkononi, mimi, bibi yake, mbele ya watu, akachomoa pini mbili kwenye mtandio wake. Protini yenyewe ni ndogo, akasema, haiwezi kuizunguka kamba. Inakuja ubavuni, kwenye mfereji ule mwembamba baina ya nyuzi. Inavutwa pale kwa sababu DNA ina umeme wa hasi na protini ina wa chanya, vinatakana. Haichagui sana pa kukaa. Ikishakaa, inapenyeza ncha mbili ndani, hivi. Akazichoma zile pini baina ya nyuzi, akasukuma. Kamba ikapinda. Kama goti.

"Na msokoto haikazi," akasema. "Inaulegeza kidogo."

"Inaulegeza?" nikauliza. "Halafu nyuzi zisiachane?"

"Zisiachane! Ndiyo maajabu yake. Kamba inapinda, inalegea, na bado inastahimili moto ambao peke yake isingeuweza. Na protini yenyewe ukiichemsha haigandi kama ute wa yai, imejifumbata imara. Moja inakaa hapa, nyingine inakaa hapa, nyingine hapa, mpaka kamba nzima ina walinzi."

Mtandio umemwangukia mabegani, wala hana habari. Alisema muda mrefu. Hamdu aliuliza swali moja, kisha la pili, na la pili lilikuwa la kutaka kujua kweli, nilimwona.

Mimi nilikuwa nimekaa natazama pale kamba ilipopinda. Nikasema, mbele ya wote, "Salha, nilikwambia kamba yako imevunjika kiuno. Nilisema nisilolijua. Nisamehe."

Neno hilo babu yao aliishi nami miaka yote na hakulisikia.

"Sikuacha kwa ajili yako, Bibi."

"Uongo."

"Haya. Kidogo kwa ajili yako."

Wakacheka tena, safari hii kicheko chenye afya. Hamdu peke yake hakucheka. Akauliza, "Kwa hivyo Jumatatu?"

Salha akarudisha pini moja kwenye mtandio, taratibu, kisha ya pili.

"Jumatatu nna vipimo, ami."

Tangu juzi watu wananisifu. Bibi mjanja, alikosea kusudi ili mtoto aamke. Acheni. Sikukosea kusudi. Nilikosea. Nilikuwa na hakika yangu yote, na mafundo yangu mawili, na nilikosea mbele ya watu waliokuwa wakingoja nikosee. Ningenyamaza kwa kuogopa hilo, Salha leo angekuwa anapimiwa sare.

Hamdu hanisemeshi. Anaingia, "Shikamoo Mama," namjibu "Marahaba," anakula, anatoka. Atapoa. Asipopoa, atakula hivyo hivyo akiwa wa moto.

Salha kaondoka leo na boti ya asubuhi. Huenda vipimo vikamgomea tena, kaniambia mwenyewe, wala sikumtia maneno ya kumbembeleza. Nlimwambia vikikugomea rudia, na ukichoka niandikie kwamba umechoka, usikae kimya na mimi.

Na wewe ulokuja hapa ukaniandikia, "Bibi, haya ya maabara yana wenyewe, wewe tuandikie ya mapishi," nimekusoma. Yana wenyewe kweli. Mmojawapo ni mjukuu wangu, na anayetaka kuyajua ni mimi, na sitaomba ruhusa ya mtu. Kama moto wa kuivisha yai haukuwatisha vijidudu, wewe utanitisha mimi?

Mkija tena msije na "hujambo" tupu. Kila mtu aje na swali lake. Na mkinikuta nimekosea, msinistahi kwa ajili ya mvi hizi. Nikatizeni, mniambie, "Siyo, Bibi," kisha mnioneshe ilivyo.