Taa Ikiwaka, Zima

Goba, 6 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Miguu inaendeleaje? Na masikio? Simu nimeshaiacha, maana juzi nilivyokuwa napiga kelele ili unisikie, jirani alikuja kuuliza nani kafa. Barua hii nampa kondakta wa basi la Masasi, yule anayekujua.

Sie wazima. Anayeumwa ni gari. Nikishamaliza hii milima yetu, nikisimama njia panda injini imechemka, taa ya oili inawakawaka. Nikikanyaga mafuta, taa inazima. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, taa haiwaki kabisa. Oili nimeangalia, imejaa. Fundi Jonas wa hapa Goba kasema, "Dada, hiyo ni sensa tu." Kaweka sensa mpya, kile kidude kinachoiwasha taa. Taa ikalala kidogo, ikarudi.

Watoto wa shule ninaowabeba wameshaizoea, ikiwaka wanaiimbia. Mie ndiyo siizoei. Wewe ndiye uliyeifunga injini hii. Niambie, ni nini?

Mwanao,
Anjelina

*

Masasi, 15 Februari 2025

Mwanangu Anjelina,

Milele amina, na marahaba. Miguu ni ya mzee, inauma inapotaka. Huku hatujambo, nakutumia korosho kidogo.

Sasa sikiliza. Taa ya oili si ya urembo. Ikiwaka nawe uko njiani, unazima injini hapohapo, hata kama watu wanakupigia honi. Oili isipofika kwenye bearingi, chuma kinasaga chuma.

Tena taa haikwambii presha ni kiasi gani. Inakwambia kuna shida, na pengine yenyewe inaongopa. Kwenye tundu hilohilo la sensa ndipo inapofungwa geji ya presha. Fundi apime injini ikiwa baridi, apime ikichemka, apime gari limesimama, kisha akikanyaga mafuta. Mshale ukikaa juu, tatizo ni waya au sensa. Ukishuka, ndipo muanze kutafuta: oili nyepesi mno, chujio la chini limeziba, pampu, na mwisho kabisa bearingi. Mtu yeyote asifungue kitu kabla ya kupima.

Na umeweka oili gani? Hukuniambia.

Baba yako,
Valerian

*

Goba, 2 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Korosho zimefika, ingawa kondakta kajilipa humohumo. Habari za afya acha tu. Presha ya gari iko chini, yangu mie iko juu.

Geji hakuna Goba nzima. Jonas nimemwonyesha barua yako, kacheka. "Mwambie mzee mie napima kwa sikio." Nikaenda kwa fundi mwingine karibu na sokoni. Huyo hata hakusikiliza, kasema pampu. Nikamwambia baba kasema tupime kwanza.

"Baba yako yuko wapi?"

"Masasi."

"Basi akapime Masasi."

Nilichoka, baba. Nikamwambia weka hiyo pampu. Taa ikalala, nikashukuru Mungu. Haukupita muda, niko kwenye foleni na watoto nyuma, ikawaka tena. Nikazima injini kama ulivyosema. Unajua nilichopata? Honi, matusi, watoto wanalia, shule wamechelewa na mitihani inaanza.

Jioni kaja Theonest, huyu jirani mwenye binti anaitwa Jenipher. Kamtoa mwanawe kwenye gari langu, na mbele ya wazazi wenzake kasema, "Hilo si gari, ni jeneza." Wengine wakamfuata. Kazi niliyoijenga kwa miaka inaniishia mikononi. Wewe uko huko kivulini unatoa amri, mie huku nafanywa mjinga na kila mwenye spana. Kama huna jingine zaidi ya kupima, kupima, basi usiniandikie.

Oili niliweka nyepesi. Ndiyo iliyokuwepo dukani.

Anjelina

*

Masasi, 11 Machi 2025

Anjelina,

Marahaba. Nimeona hukuandika "mwanao". Sawa.

Umesema nisiandike, kwa hiyo naandika mara hii tu. Chang'ombe, nyuma ya viwanda, kuna gereji ya Abbasali, mtoto wa marehemu mzee Sibtain niliyefanya naye kazi. Geji anayo, tuliitumia mpaka namba zikaanza kufutika. Mwaga hiyo oili, weka nzito. Kaka yako Venance atoke Temeke akusindikize. Mwambie Abbasali nimesema apime.

Baba yako,
Valerian

*

Goba, 25 Machi 2025

Baba yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Hasira bado ninazo, ila zimepungua. Mgongo wako vipi na hii baridi ya mvua?

Oili nzito nimeweka, na tumefika kwa Abbasali. Mkewe Tahera, anayekaa kwenye stoo ya spea, alisikia jina lako akaniletea chai kabla sijakaa. Abbasali kafunga geji, kaniita niangalie mwenyewe. Injini ikiwa baridi mshale ulipanda vizuri, mpaka nikatabasamu. Tukaiacha ichemke. Mshale ukaanza kushuka, unashuka tu, mpaka ukakaribia sifuri. Akakanyaga mafuta, ukainuka kidogo kisha ukachoka.

Kafungua chini. Chujio safi. Pampu ya zamani nilikuwa nayo kwenye buti, kaigeuzageuza, kasema, "Hii nzima kabisa, wamekutolea ya nini?" Halafu kanionyesha bearingi za krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Zimelika mpaka rangi ya shaba imetokeza. Oili inapita hapo bure, haina cha kuishika.

Nililia, baba. Nililia kwa hasira. Muda wote ule wa kubahatishiwa, na jibu lilikuwa la asubuhi moja.

Abbasali kasema krenki bado inafaa kuchongwa, ila bearingi za saizi hiyo hana, zinakuja na mzigo mwezi wa tano. Mpaka hapo nisiliwashe. Gereji yake haina nafasi, kwa hiyo kalifunga tena, likavutwa mpaka hapa. Nimelifunika turubai. Watoto waliobaki nimewaambia wazazi wao watafute gari lingine.

Mwanao,
Anjelina

*

Masasi, 3 Mei 2025

Anjelina,

Sikusalimu.

Venance amekuja kwenye msiba wa shangazi yenu. Nikamuuliza habari za gari, akainamisha kichwa. Anasema umeliwasha, umeliendesha kwenye mvua, taa inawaka na wewe unaenda tu, injini imegonga mpaka imenoki, imekufa kabisa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Muulize mwenyewe," akaenda zake kupanga viti.

Nimekuandikia nini? Taa ikiwaka, zima. Hata mtoto anaelewa. Injini ile niliifunga mwaka ule ulipomaliza shule, kila nati niliikaza mwenyewe, marehemu mama yako ananishikia tochi. Ilibaki kuchonga krenki tu. Sasa ni chuma chakavu. Ulikuwa unakimbilia wapi? Harusini?

Nijibu.

Valerian

*

Goba, 12 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Nakusalimu hata kama wewe hukunisalimu. Pole na msiba wa shangazi, sikuwa na uwezo wa kuja. Nilimwomba Venance asikuambie kitu, nikuambie mwenyewe, halafu kila nikikaa kuandika kalamu inagoma.

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha tangu alfajiri. Mama Jenipher alikuja mbio bila viatu, mtoto mgongoni. Pumu. Midomo ilishabadilika rangi, na dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Theonest yuko kazini. Bodaboda hakuna aliyekubali kuteremka mlima wetu kwenye tope lile. Nilipigia majirani wote wenye magari, wote wako mjini. Mama yake hakuniomba gari, baba. Alisimama tu pale, anaangalia turubai.

Nikalivuta. Gari likawaka mara ya kwanza, na taa ikazima, nikadhani labda Mungu. Hatujafika kwenye lami, ikawaka, na haikuzima tena. Nilikusikia ukisema zima. Nilikusikia kabisa, kama umekaa kiti cha pembeni. Na nyuma namsikia Jenipher anavuta pumzi inapiga filimbi. Halafu filimbi ikaanza kukatika.

Nikaendelea. Injini ikaanza kugonga, kama mtu anapiga nyundo chini ya miguu yangu. Mama Jenipher akaniuliza, "Dada, litafika hili?" Nikamfokea, "Mshike mtoto!" Njia nzima nilikuwa nalitukana gari, nawatukana mafundi, Mungu anisamehe, nilikutukana hata wewe. Kwenye geti la hospitali likapiga kishindo kimoja, likasimama. Mlinzi akaja kunigombeza kwamba nimeziba njia. Manesi walimchukua mtoto akiwa amelegea kama nguo.

Yuko hai. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Theonest alikuja kwangu jioni moja, akakaa sebuleni mpaka chai ikapoa. Kila akifungua mdomo anaufunga. Akaondoka.

Najua nimeua injini yako. Sijutii, na ndiyo maana nilishindwa kuandika. Niliogopa utaniambia nijute.

Mwanao, kama bado,
Anjelina

*

Masasi, 20 Mei 2025

Mwanangu Anjelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba mwanangu, na marahaba nyingine, ile niliyokunyima kwenye barua iliyopita. Hujambo? Unalala? Unakula?

Barua yako niliisoma asubuhi nikaiweka, nikaenda shambani, nikarudi nikaisoma tena.

Hasira bado ninazo, nisikudanganye. Ninazo na yule wa sikio, na zaidi yule wa pampu. Mwezi wa pili wangeangalia mshale badala ya kukisia, wangeikuta kazi bado ndogo, na mtoto angebebwa na gari zima. Lakini kwako sina hasira.

Nilikuandikia taa ikiwaka uzime. Niliandika kama fundi. Sikuwaza kwamba nyuma yako kunaweza kukaa mtoto wa mtu anayekata roho. Ungezima siku ile kwa sababu baba kasema, mie ningeishije?

Na jambo moja silielewi. Bearingi zilizofika kwenye shaba, injini inagonga namna ile, gari lilipaswa kukuacha njiani. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na siwezi kukueleza lilifikaje getini. Nimemuuliza Abbasali kwa barua, naye hajui.

Nimemwambia anitafutie injini iliyotumika. Nakuja na basi baada ya Pentekoste, niifunge mwenyewe. Theonest mwambie ajiandae. Kama maneno yanamshinda, mabega anayo, atatusaidia kuinyanyua.

Jenipher naye awepo. Tukishaliwasha, siku ya kwanza atakaa kiti cha mbele.

Baba yako,
Valerian