Kitambaa cha Mama na Kompyuta ya Ornella

Kalemie, Jumapili baada ya misa

Kwako Yaya wangu, kaka yangu mkubwa Jeancy,

Tumsifu Yesu Kristu. Naamini umeitika huko huko Manono, hata kama mdomo umejaa ugali. Nianze na hali yako. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa vumbi kimepona? Unakula vizuri, au bado unajipikia ule uji wako ambao hata mbwa wa hapa nyumbani aliukataa? Sisi huku hatujambo. Mvua inatutishia tu kwa mawingu juu ya ziwa na joto limetukalia kichwani, lakini tunaamka na tunacheka, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Simu ya nyumba hii unaijua: ukipiga, Mama anaweka sauti kubwa na nusu ya mtaa inakujibu. Nikikutumia ujumbe mrefu, unasoma mstari wa kwanza halafu unanirudishia kidole gumba. Kwa hiyo barua hii nitamkabidhi Siméon wa lori, akuwekee mkononi, nawe uisome mpaka mwisho. Nakuomba sana uisome mpaka mwisho.

Habari ninazotaka kukupa ni za mke wako. Usishtuke, ni nzuri. Yaya, wewe ulioa. Wako waume waliooa sura na wako waliooa mapishi, lakini wewe ulioa mtu mwenye akili na moyo, na sijui ulimstahili kwa lipi, maana mimi nakufahamu tangu utoto. Nimekaa na Ornella nyumba moja tangu ulipokwenda kwenye kazi yako ya umeme, na kila nikidhani nimekwisha kumjua, ananionyesha upande mwingine.

Ile kompyuta ya mezani uliyomwachia ili awachapie wanafunzi memwari zao za kumalizia chuo imekuwa biro kweli, ofisi kamili. Asubuhi baraza linajaa vijana wa chuo na karatasi zao zilizokunjamana. Anasoma miandiko ambayo wenyewe walioiandika hawawezi kuisoma, anachapa, anasahihisha, na mtu anatoka hapa na kazi safi inayoweza kuwekwa mbele ya maprofesa. Chakula cha nyumba hii siku hizi kinatoka zaidi katika vidole vyake.

Sasa tuje kwa Mama. Mama Martine unamjua na msemo wake: “Kitu ya bei haikae uchi.” Redio ya marehemu Papa, baba yetu, ina kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, televisheni ina chake, na friji, ambayo sikumbuki iligandisha maji lini, nayo imevikwa kilemba. Unajua pia kwamba kwa Mama na dada zake, Watabwa wa kule Moba, mkwe ambaye hajafumiwa kitu bado ni mgeni. Ulipotuletea Ornella, Mbembe wa kule mjini Baraka, tena Mprotestanti, Mama alimpokea kwa adabu zote, akampa kiti kizuri na kipande kizuri cha samaki, lakini sindano yake haikugusa uzi. Ornella aliliona hilo na hakulisema hata siku moja.

Basi Pasaka ya mwaka huu Mama akatoka chumbani na kitambaa kikubwa cheupe chenye ukingo wa bluu. Akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akaifunika yote, sanduku na kioo chake, hadi kitambaa kikaning'inia pembeni ya meza kama cha altare. Akasema hiki ni cha mukwe wake. Ornella akapiga magoti akamshika mikono, halafu akatoka nje kulia. Mimi pia nililia, ila nilisingizia moshi.

Na hapo, Yaya, ndipo taabu ya mashini ilipoanzia. Ornella hakuthubutu kukiondoa kile kitambaa. Wakati wa kuchapa alikipandisha kidogo upande wa mbele kama pazia, lakini nyuma na ubavuni kikabaki kimefunga. Kumbuka kona yenyewe ilivyo: ukuta ule unapigwa na jua la alasiri, juu ni bati, na dirisha tulilifunga kwa sababu ya vumbi la barabara. Kompyuta ikaanza kuhema. Feni yake ikanguruma kama kinu cha kusaga muhogo. Baadaye ikawa inajizima yenyewe katikati ya sentensi, na ndani ikasikika sauti ya kugonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha.

Siku moja Chancelle, msichana aliyekuwa karibu kabisa kutetea memwari yake, alikuwa amekaa pale pembeni akisomewa ukurasa wake wa mwisho. Kioo kikawa cheusi, na kila tukiwasha hakuna kitu. Chancelle aliteleza kutoka kwenye kiti hadi chini. Mimi nilianza kupiga kelele, unanijua. Ornella alimpa maji, akamfutia uso, akampigia simu Willy, fundi wa kompyuta.

Willy alifungua lile sanduku, nasi tukaona vumbi limeshikana na nyuzi nyeupe kama kiota. Alimshika Ornella mkono akamgusisha diski, ile ghala ya ndani ambamo kila kitu kinatunzwa. Ornella alirudisha vidole kwa haraka. Willy akacheka. “Haina bugonjwa, iko na joto. Njo ile tu.” Akatueleza kwamba diski inazunguka muda wote mashini inapofanya kazi, na joto likizidi linakula maisha yake kidogo kidogo. Leo ikipoa itaamka. Lakini ipo siku italala moja kwa moja na kazi za watu wote ndani yake, na hapa Kalemie hakuna atakayeifufua. Kweli, ilipopoa iliamka. Ornella alinakili kila kitu kwenye diski ndogo ya pembeni, na tangu hapo anafanya hivyo kila jioni. Willy, akiwa anaaga, alikishika kitambaa cha Mama kwa vidole viwili akasema hiki kiondoke.

Tukatazamana. Mama alikuwa uani anachambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani.

Fikiria mtihani huo. Akikiacha, diski itakufa na miaka ya watoto wa watu. Akikiondoa, amekataa kitu pekee alichofumiwa na mama mkwe wake, na amejirudisha mwenyewe kwenye kiti cha mgeni. Mimi ningekivuta tu nikaacha Mama anung'unike mpaka achoke, kwa sababu mimi nimetoka tumboni mwake. Mkwe hana ruhusa hiyo.

Sikiliza alichofanya mke wako. Kwanza alifanya yote yasiyogusa kitambaa. Meza akaihamisha kutoka ukuta wa jua. Sanduku akaliinua juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Feni akawa anaisafisha kwa brashi laini. Asubuhi ananyunyiza maji uani vumbi litulie, ndipo anafungua dirisha, na jua linapokuwa kali anaizima mashini ipumzike, na wateja wanajua. Joto likapungua, lakini Willy aliporudi kupima akatikisa kichwa, bado.

Ndipo alasiri moja akaenda kukaa na Mama mkekani. Akamsifia kitambaa cha redio ya Papa, kile chenye matundu ya nyota, jinsi kinavyozuia vumbi na bado sauti inapita. Akamwomba, kama mikono haijachoka, amfumie kingine cha namna ile kwa ajili ya saa za kazi, na kile cheupe kikubwa kibaki cha kuifunika mashini ikiwa imezimwa, maana vumbi nalo ni adui. Hakuna uongo hata mmoja hapo, Yaya. Mama alicheka mpaka mabega yakatikisika. “Mukwe anaomba ya pili? Basi ile ya kwanza ilimupendeza kabisa!” Kesho yake majirani wote walikuwa na habari. Mimi nilisimama pale nikajisemea moyoni kwamba akili ni mali kweli.

Lakini kazi haikwisha. Mama alifuma na kufumua. Mara uzi ni mbaya, mara mwanga hautoshi, mara vidole vinauma. Mwishowe alikileta, kizuri, laini, cha rangi ya maziwa, na hakina tundu hata moja. Kimefunga kama blanketi. Mimi niliudhika kimyakimya, nikasema moyoni ukaidi wa Watabwa umerudi.

Ornella hakuudhika. Alikiweka magotini pamoja na kile cha redio, akapitisha vidole juu ya hiki, akapitisha juu ya kile. Kisha akamtazama Mama kwa muda mrefu. Akaenda akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akamuuliza kwa sauti ya chini sana: “Mama, tangu wakati gani hauone tena matundu?”

 Mama akakitafuta kitambaa kwa vidole, akajifutia machozi.

Yaya, hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Mama yetu haoni. Anaona mwanga, anaona vivuli vya watu kama mtu anayetazama kupitia glasi ya maziwa. Vitambaa hivyo viwili vya kompyuta alivifuma kwa vidole tu, na vidole vinajua kuunganisha uzi, lakini nyota inataka macho. Ilianza kabla wewe hujaenda Manono. Nyumba ameikariri, njia ya kanisa ameikariri, nyimbo anazijua kwa moyo na kitabu anakishika wazi ili watu wasimuulize. Nami nilikuwa nikimtania kwamba anatia chumvi mara mbili kwa sababu ya mapenzi. Tulikaa naye sote, watoto wake wa damu, na aliyemwona ni Ornella, kwa kugusa kitambaa.

Alimpeleka hospitalini yeye mwenyewe. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba yanaweza kupasuliwa na akaona tena, ila wasichelewe. Mama amekataa. Anasema tangu Papa alipofariki, hakuna mtu wa nyumba hii anayelala juu ya meza ya daktari bila neno la mwana mkubwa. Na mwana mkubwa, anasema, asiambiwe, kwa sababu ataacha kazi yake na kukimbia huku. Umeona fundo hilo? Anataka neno lako, na ametukataza kuliomba. Alituapisha. Ornella aliapa huku analia, na hatavunja, maana si mtu wa kuvunja neno la mama mkwe wake. Zamu yangu ilipofika mimi nilikohoa tu. Kikohozi si kiapo.

Kwa hiyo nimesema, na adhabu nitaibeba. Si lazima uje. Mpigie simu. Usianze na macho, anza na kompyuta, muulize inaendeleaje. Atakuambia mengi, kwa sababu Ornella alimweleza habari yote ya joto, na sasa yeye ndiye mlinzi wake. Asubuhi anakiondoa kitambaa kikubwa kwa mkono wake mwenyewe na jioni anakirudisha. Mchana anakaa karibu na meza, kiganja mgongoni mwa sanduku, na feni ikibadilika sauti anaisikia kabla yetu. “Ornella, mutoto wako iko anachemuka, umuache apumue.” Ile sauti ya kugonga hatujaisikia tena. Chancelle ametetea memwari yake na kufaulu, akaja kumkumbatia Mama kwanza. Ngoja amalize kukusifia hayo yote, ndipo umwambie mwana mkubwa amesema aende akapasuliwe macho. Akinyamaza, nawe nyamaza. Usikate simu.

Na mkeo mshukuru. Usimtumie kidole gumba, mwambie kwa mdomo.

Wasalimie wenzako wa kazini, hasa yule anayekuvumilia chumba kimoja. Ornella anakusalimu kwa salamu ambazo si kazi yangu kuziandika. Mama naye yuko hapa kwenye kiti chake, anadhani nakuandikia habari za mashini tu. Nimemsomea kipande hicho na amecheka. Amesema niandike kwamba yeye ni mzima na anaona vizuri. Nimeandika kama alivyosema. Kisha akaniomba kalamu aweke jina lake mwenyewe, kama anavyofanya siku zote kwenye barua zako. Nilimwonyesha nafasi tupu ya chini, akanishukuru, akainama akaandika polepole. Ni lile jina unaloliona limepanda katikati ya ukurasa huu, juu ya maneno yangu.

Mdogo wako akupendaye,

Syntiche