Ugomvi Wetu Jukwaani

Jumamosi jioni. Theluji imeyeyuka nusu, barabara ni tope jeusi, na moyo wangu hautulii.

Leo Neema, binti yangu wa miaka kumi na saba, alikuja mazoezini kwa mara ya kwanza. Natunga mchezo wa muziki kwa kikundi chetu kidogo hapa Toronto: mama Mkenya na bintiye aliyezaliwa huku. Mama anaimba Kiswahili, binti anamjibu kwa Kiingereza. Nilijiambia ni hadithi ya kila nyumba.

Nilipokuwa nasomea muziki, opera za Kimarekani ndizo zilizonifungua macho. Watunzi wake waliachana na wafalme, wakaingia mitaani, kwa majirani wanaozozana, nyimbo za kanisani, jazi. Walisikiliza mtu wa kawaida anavyoongea, wakajenga sauti juu ya mapigo hayo hayo. Michezo ya muziki ya leo imerithi hilo. Watu wawili wanaweza kugombania vyombo vichafu wakiimba mwanzo hadi mwisho, bila kusimama ili wazungumze.

Nami nikasikiliza jikoni kwangu, mimi na Neema tunapogombana.

Tulipofika kwenye ugomvi wa pili, yule binti jukwaani akaimba kwa Kiingereza: "Unampenda mtoto ambaye ungemlea Nakuru. Huyo si mimi."

Niligeuka. Neema alikuwa ameshavaa koti.

Tuliondoka kwa gari, tukapita mtaa wa Don Mills. Kisha, kwa Kiingereza chake cha taratibu, akasema, "Siku ile jikoni nilikuwa nalia, Mama. Kumbe wewe ulikuwa unatafuta noti za wimbo?"

Ukweli ni kwamba nami nilikuwa nalia. Na noti nilizisikia.

Tulipofika nyumbani nilimpigia Otieno, mwongozaji wetu, nikamwambia onyesho lile naliondoa.

"Ukitoa hapo, mchezo umekufa," akasema.

"Basi na ufe."

Nilikata simu, kisha nikaona nimeamua tena bila kumuuliza mwenyewe. Nikagonga mlango wa Neema.

"Nitoe yote?"

Alifikiri kidogo. "Muziki ni mzuri. Lakini maneno ni yangu."

Basi nimeyafuta. Sasa mama ataimba upande wake peke yake, na kila anaponyamaza, cello, ile fidla kubwa ya sauti nzito, itajibu kwa mapigo yale yale ya sauti ya Neema. Hilo nalo nimejifunza kwenye opera: ala husema kile ambacho kinywa kimekataa. Nimelipiga onyesho hilo mara kadhaa kwenye kinanda. Ni zuri kuliko lilivyokuwa, na hilo ndilo linalonisumbua.

Neema amekula chumbani kwake. Najua amesikia, kuta zetu ni nyembamba.

Je, nimemheshimu, au nimemnyang'anya sauti kwa mara ya pili?

Kesho tukitoka kanisani nitamuuliza, na nitamsikiliza kama mama yake tu.