Mshenga Wetu Ndiye Mheshimiwa

Jumapili, Tegeta

Na bado Idrisa wangu anasema nisimchukie mheshimiwa. Nisimchukie vipi?

Kampeni nzima ya yule mzee kaipanga mume wangu: aanzie mtaa gani, aseme nini, amwombe nani radhi. Hotuba nyingine kaziandika hapa kitandani, mie nimelala begani kwake, nikimwona hana mfano Dar es Salaam nzima. Ahadi ilikuwa kwamba mzee akipata ubunge, Idrisa ndiye katibu wake.

Leo kwenye dua ya shukrani, nyumbani kwake Chamazi, mheshimiwa akasimama na kumshika mkono mpwa wake, aliyerudi juzi tu kutoka masomoni. "Huyu ndiye aliyenipa akili ya kushinda. Na ndiye katibu wangu."

Watu wakapiga makofi. Idrisa naye akapiga. Hapo ndipo niliposhindwa kula pilau.

Njiani akaniambia, "Siasa ndivyo ilivyo, mke wangu. Anayepanga haonekani."

"Haonekani ndiyo asikumbukwe?"

Akanishika mkono. Nikampenda mpaka machozi yakanitoka.

Na mzee mwenyewe ndiye mshenga wetu! Ndiye aliyekuja kuniposa kwa baba, akaapa kwamba Idrisa ni kama mwanawe. Mke akiwa na shida humwendea mshenga. Sasa shida yenyewe ni yeye, nimwendee nani?

Nitamwendea yeye yeye. Mwezi huu hauishi sijafika Chamazi. Nitamwamkia shikamoo, kisha nimwambie: baba, yule mwanao uliyemposea mke amedhulumiwa, na wa kutusemea ni wewe.