Nusu Saa ya Umeme

Kaka,

Mimi mzima, na boti, nyumba yetu, haivuji. Ile paneli ya sola uliyotuma kabla hatujamzika Mama, fundi ameifunga juu ya paa la boti. Sasa betri inajaa kabla ya saa sita mchana. Friji na televisheni nawasha kwa pamoja, anasa tupu. Zamani ilikuwa kimoja kimoja, na Mama akitucheka: "Humu umeme unapiga foleni."

Kwenye simu uliniuliza kama betri ilizima siku ile Mama alipotutoka, nikaitikia ndiyo. Haikuzima. Tamthilia yake ilikuwa inafika mwisho, na betri haikuweza kubeba televisheni pamoja na mashine yake ya oksijeni. Mama akasema, "Chomoa hilo dude, mwanangu. Nusu saa tu, nimalize." Nikachomoa. Nikakaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kitandani kwake, macho kwenye televisheni.

Ukiniuliza tamthilia iliishaje, nitakusimulia yote. Niliitazama mpaka majina ya waigizaji yakapita, ndipo nikageuka kumuuliza Mama kama ameridhika.

Ni mimi, mziwanda wenu.